Kijicho cha Kiboko

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa na nini?

—Tuambie wewe uliyekuwapo!

Sikuwapo. Nilipewa na aliyepewa, naye hakuniambia alipewa na nani. Pakawa na bwawa, na juu ya bwawa pakawa na jabali.

—Na bwawani mkawa na nani?

Bwawani mkawa na Kiboko. Jabalini pakawa na Bi Pimbi, mdogo kama mkate wa mofa, asiye na mkia wala pembe. Sogeeni karibu. Aliyekalia mguu wa mwenzake ainuke kidogo.

Mwaka ule mvua ilikataa. Mto ukakatika, visima vikafa, umande ukakoma. Nchi nzima likabaki bwawa moja, nalo lilikuwa la Kiboko.

Lilikuwa lake kweli, tusimdhulumu. Babu yake alizaliwa humo, na baba yake pia. Miaka ya mvua kila mnyama alikuja, akanywa, akasema ahsante, akaenda zake, na Kiboko hakunyanyua hata sikio. Lakini maji yalivyopungua ndivyo alivyozidi kuyapenda. Akaacha hata kwenda malishoni. Akala magugu ya bwawani, tumbo likamlegea, asitoke.

Swala akakanyaga ukingo. Buru-buru-buru, pwaa! Mdomo ukaibuka, wazi kama mlango wa ghala.

"Langu!"

Swala akakimbia. Punda milia akakanyaga ukingo. Buru-buru-buru, pwaa!

"Langu!"

Punda milia naye akakimbia.

Bi Pimbi hakukanyaga ukingo. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kidoti, na tangu umande ukome mtoto huyo alikuwa akilamba jiwe.

"Mama, jiwe halina maji."

"Lamba tena, mwanangu."

"Nimelamba. Sasa linanilamba lenyewe."

Bi Pimbi akatazama, akaona ulimi wa mwanawe umegandia jiweni. Akaubandua polepole, akambeba mgongoni, akaenda kwa Mzee Ngiri.

Mzee Ngiri ndiye aliyekuwa mkuu wa baraza. Walimchagua kwa sababu hula kwa kupiga magoti, wakadhani ni mcha Mungu. Akakusanya wanyama, wakasimama mbali kidogo na ukingo. Kiboko hakutoka majini. Alitoa macho na pua tu.

"Bwana Kiboko," akasema Mzee Ngiri, "watu wanalalamika kwamba una roho mbaya."

"Sina roho mbaya, mzee wangu. Nina wivu."

"Si ni yale yale?" akadakia Bi Kanga.

"Si yale yale hata kidogo!" Kiboko akapandisha kichwa, maana alipenda kuzungumza. "Wivu ni kuogopa kunyang'anywa kilicho changu. Kijicho ni kuumwa na kilicho chako. Mwenye wivu hukaa mlangoni kwake. Mwenye kijicho hukaa mlangoni kwa jirani. Hiyo ni milango miwili, Bi Kanga, usinichanganyie. Mimi mmeniona mlangoni kwa nani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumwona mlangoni kwa mtu.

"Basi wivu si kosa," akasema Kiboko. "Kosa ni kijicho."

Hoja ilikuwa nzuri, nami mpaka leo sijamsikia aliyeijibu. Mzee Ngiri akakuna shavu kwa kwato. Ndipo Bi Pimbi akauliza kwa sauti ndogo, "Na mwenye kijicho, Bwana Kiboko, afanywe nini?"

"Aondolewe amri juu ya chake! Mtu haridhiki na chake mpaka atamani cha mwenzake, chake anakitakia nini?"

"Tushuhudie?"

"Shuhudieni wote!"

"Tumeshuhudia," wakasema wote, wakatawanyika na koo zao kavu.

Bi Pimbi akapanda jabalini, akakaa, akamtazama Kiboko kutwa nzima. Akaona jambo. Kiboko mwenyewe hayanywi sana yale maji. Anayakalia. Mtu akiyatazama, huyapenda. Asipotazama mtu, husinzia. "Kumbe," akasema Bi Pimbi moyoni, "anachokipenda huyu ni kile kinachotakiwa."

Sasa, kwenye jabali lile palikuwa na tundu. Mbele lilikuwa jembamba, kama upana wa pua ya kiboko. Nyuma ya jabali lilifunguka, likawa pana kiasi cha ngiri kuinama. Ndani hamkuwa na kitu. Asubuhi Bi Pimbi akaziba ule mlango wa mbele kwa majani makavu, akaukalia, uso wake umeelekea bwawani.

Bi Kanga akapita. Bi Kanga hakuwa ameambiwa kitu. Ukimwambia Bi Kanga umeiambia nchi.

"Shoga, umekalia nini?"

"Changu."

"Chako nini?"

"Changu hiki hiki. Geuza macho yako."

"Hata mimi shoga yako?"

"Ushoga ni wa kusalimiana. Pita!"

Bi Kanga akapita, ke-ke-ke-ke, akieneza habari.

Bwawani masikio yakazunguka, piri! piri! Macho yakaibuka, na shingo ikafuata.

"Bi Pimbi! Umekalia nini hapo?"

"Changu."

"Kikubwa?"

"Kinanitosha."

Neno hilo lilimwingia Kiboko kama mwiba. Kinamtosha! Yeye ana bwawa zima na halimtoshi, na kile kijitu kisicho na mkia kina kitu kinachokitosha. Akazama. Akaibuka. Akazama tena. Hakusinzia siku ile.

Siku ya pili Bi Pimbi akaukalia tena ule mlango. Kiboko akatoa mabega.

"Bi Pimbi, si kwamba nakitaka. Nauliza tu. Kinang'aa?"

"Usiulize kilicho changu."

"Kinanukia?"

"Geuza macho yako, Bwana Kiboko."

"Mimi huyu nina bwawa! Nikitakie nini kidude chako?"

"Basi litazame bwawa lako."

Kiboko akageuka kulitazama bwawa lake. Akaona maji. Akayajua yote, kila tope na kila gugu. Akageuka tena.

"Kinachonisumbua hapa," akajiambia, "ni wivu."

Moyo wake ukamuuliza, wivu wa nini? Kile si chako.

"Nyamaza," akauambia moyo wake.

Siku ya tatu jua likawa kali tangu asubuhi. Kiboko akatoa tumbo, kisha miguu miwili ikakanyaga ukingoni. Ngozi ikaanza kutoa lile jasho lake jekundu.

"Bi Pimbi, tuzungumze kiutu uzima. Nionyeshe kidogo tu, nitakupa funda moja la maji."

Hapo Bi Pimbi akageuza shingo kumtazama mwanawe. Mgongoni Kidoti alikuwa akihema, he, he, he, hata kulia hawezi. Funda moja! Funda moja lingemfikisha mtoto kesho. Lakini kesho kutwa je? Na akionyesha, Kiboko ataona tundu tupu, atacheka, atarudi kulala majini. Bi Pimbi akameza mate, ila mate yenyewe hayakuwapo.

"Funda moja!" akasema. "Kwa hiki? Ningekuwa nimekiokota ningekuuzia. Mimi nimekirithi."

Kiboko akaunguruma mpaka mapovu yakamtoka.

Bi Pimbi akasimama, akashindilia yale majani makavu vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nakwenda kuchimba mizizi. Nitachelewa. Na asichungulie mtu!"

Akashuka upande wa pili wa jabali, mtoto mgongoni. Lakini hakwenda kwenye mizizi. Alikwenda mbio kwa Mzee Ngiri.

Kiboko akatazama kulia. Hakuna mtu. Akatazama kushoto. Hakuna mtu.

"Sichungulii," akasema. "Napita tu."

Ndi! ndi! ndi! akatoka majini. Ndi! ndi! ndi! akapanda jabali. Akang'oa majani kwa meno, fyu! Akaweka jicho moja kwenye tundu. Giza. Akasogea, akasukuma. Giza bado. Akasukuma kwa nguvu zake zote. Pua ikazama tunduni, uso ukafuata, kwa! vikabana.

Akavuta. Havitoki. Akavuta tena. Havitoki.

Wanyama wakafika, wakaona makalio makubwa yameelekea mbinguni.

"Ni nani huyu?" akauliza Mzee Ngiri, ingawa mkia aliutambua.

"Ni mpita njia," sauti ikajibu kutoka ndani ya jiwe.

Bi Pimbi akamweka Kidoti chini. "Bi Kanga, shoga yangu, nisamehe ya juzi. Msindikize mwanangu bwawani. Mwenye kusema 'langu' ana shughuli hapa." Kisha akazunguka nyuma ya jabali, akaingia tunduni. Akatoka.

"Mzee Ngiri," akasema, "nimeona kijicho."

"Una hakika?"

"Kidogo, chekundu, kinapepesa. Ingia ukione."

Mzee Ngiri akapiga magoti kama kawaida yake, akachungulia. Akatoka akitikisa kichwa. "Kijicho."

Swala akaingia. "Kijicho!"

Punda milia akainama kwa shida. "Hee! Kijicho kabisa!"

"Ni jicho!" akalia Kiboko ndani ya jiwe. "Jamani, ni jicho tu!"

"Jicho kubwa au dogo?" akauliza Bi Pimbi.

Kiboko akafikiri. Mwili wake mkubwa, kinywa chake kikubwa, lakini jicho lake, hilo kila mtu analijua.

"Dogo," akasema.

"Na jicho dogo linaitwaje?"

Mkia ukapiga jiwe, pa!

"Na hapa ni mlangoni kwa nani?"

Mkia ukashuka.

Mzee Ngiri akamsogelea, akamuuliza kwa upole, maana hakuwa mnyama wa kusimanga. "Bwana Kiboko, mle ndani umeona nini?"

"Hamna kitu. Nimeangalia kote, hamna kitu."

"Basi ulitamani nini?"

 Jasho jekundu likamtiririka Kiboko mgongoni.

"Chake," akasema.

Na wakati huohuo, kutoka chini, ikapanda sauti ndogo. Lapu-lapu-lapu. Lapu-lapu-lapu. Bi Pimbi alipoisikia akakaa chini. Kiboko naye aliisikia, lakini tangu lini mtu akapiga kelele za "langu" kichwa chake kikiwa mlangoni kwa jirani?

Kwa hukumu yake mwenyewe, amri juu ya bwawa ikamtoka, wakanywa wote siku ile. Walipomaliza wakamsukuma Kiboko, hii! hii! akachomoka, akabingirika mpaka majini, pwaa! Akapima kina. Maji yalikuwa yamepungua kidole kimoja.

Tangu siku hiyo Kiboko hujizamisha, akabakiza macho na pua, kwa aibu. Mara mojamoja hupanua kinywa chote. Wengine husema anapiga miayo. Sivyo. Anataka kusema, "Ulikuwa wivu tu!" kisha anakumbuka, anafumba.

—Na Bi Pimbi?

Nilitaka kuishia hapo. Mmeuliza wenyewe.

Bi Pimbi alikunywa, mwanawe akanenepa. Wiki ya pili akachoma vijiti vitatu ukingoni, penye kivuli kizuri, pale maji yanapoingia taratibu. Bi Kanga akaja na makinda wake.

"Shoga, vijiti hivi ni vya nini?"

"Hapa ni pangu."

"Pako? Tangu lini?"

"Kidoti alikunywa hapa kwanza. Nenda kule kwenye matope, kuna nafasi tele."

"Shoga, hicho si..."

"Usinichanganyie, Bi Kanga. Huu ni wivu."

Na huko katikati ya bwawa kijicho kimoja kikafumbuka, kikamtazama Bi Pimbi, kikafumba taratibu.

Basi funzo la ngano hii ni hili: wivu ni mwema na kijicho ni kibaya, na kila mtu ajue tofauti yake. Ukishindwa kuvitambua, fanya hivi. Ukikiona kwako, kiite wivu. Ukikiona kwa jirani, kiite kijicho. Hutakosea kamwe, na utalala vizuri.

Ngano yangu naiacha hapa ukingoni. Aliyeiona tamu anywe, aliyeiona chungu ateme, ila asinitemee mimi.

—Na vijiti?

Vipo hapo hapo. Na asiviguse mtu.