Kofia ya Shaame katika Kabati la Vioo

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, palikuwa na mama mmoja wa Pemba, jina lake Bi Mize. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Shaame. Shaame akaenda Denmark, akapata kazi katika mji mdogo wa baridi. Akaugua huko, akafa huko, akazikwa huko. Mungu ndiye aliyepanga. Lakini mama hakumwona.

Sasa sikilizeni habari ya kofia. Bi Mize alianza kumshonea mwanawe kofia ya mkono, ile ya matundu madogo madogo. Alipomaliza sehemu ya juu, macho yakaingia ukungu. Akampelekea hivyo hivyo, haijakwisha.

Baada ya msiba, ndugu walimsaidia mama akasafiri kwenda kuzuru kaburi. Alipokewa na Warsame, Msomali aliyekulia Mombasa, rafiki wa Shaame. Wakazuru, wakasoma dua. Kisha Warsame akasema, "Mama, kuna nyumba moja lazima uione. Kofia iko huko."

Ilikuwa makumbusho ya mji ule. Bi Mize akaingia, akaona viatu vya mbao kama mitalawanda ya kwao. Akaona pasi ya mkaa. Akaona kitanda kilichotandikwa, na hakuna wa kukilalia. Akashika ushungi wake, akasema polepole, "Assalamu alaykum, watu wa nyumba hii. Nyinyi mmetangulia, nasi tunafuata."

"Mama, hapa si makaburini."

"Wenye vitu hivi wako hai?"

"Wamekufa zamani."

"Basi warithi hawakutokea?"

Warsame akacheka. "Warithi ndio walioleta, mama."

"Wakaleta vigawiwe watu?"

"Wakaleta viangaliwe."

Bi Mize akatazama kitanda, akamtazama Warsame. Kwao vitu vya marehemu hutoka ndani, vikapata wa kuvitumia, na maiti akapata thawabu. Hapa vimefungiwa. Hakuelewa.

Akafika kwenye kabati la vioo. Ndani yake ilikuwapo kofia, juu mishono yake mwenyewe, pembeni mishono ya mtu mwingine. Na ilikuwa imekamilika.

"Nani amemaliza kazi yangu?" akauliza.

"Mimi," alijibu bibi mmoja mzee aliyesimama nyuma yao, na Warsame akafasiri. Alikuwa Kirsten, mwenye nyumba aliyopanga Shaame. Pamoja naye alikuwa Holger, mtunza makumbusho, funguo mkononi.

Holger akasema, "Kofia aliileta Kirsten. Lakini hatuwezi kumfungia mama kitu cha mwanawe. Nitafungua. Kubalianeni nyinyi wenyewe, ikae na nani."

Bi Mize akasema, "Mwambie bibi huyu, nashukuru. Lakini mwanangu aliniambia kwa simu, 'Mama, nitarudi nayo kichwani.' Kichwa hakikurudi. Basi na irudi kofia."

Warsame akafasiri. Kirsten akafuta macho.

"Mikono ya Shaame ilikuwa inatetemeka kwa ugonjwa," akasema. "Hakuweza tena kushika sindano. Akanifundisha tundu moja moja, na nikikosea ananicheka, 'Bibi, hilo si tundu, hilo ni dirisha!' Akaniambia, 'Ikikamilika, iwekwe watu wa mji huu waione, wajue niliishi hapa.' Nikamwahidi. Sasa nitamwendea wapi, nimwombe aniachilie ahadi?"

Warsame akafasiri, macho yake kwenye kofia.

"Na wewe, mwanangu?" akauliza Bi Mize.

"Mimi mkalimani tu, mama."

"Ukalimani weka kando. Nani alimwosha Shaame?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Theluji ilifunga barabara, wenzangu hawakufika. Sikuwahi kuosha maiti, mama. Kila nilipomgeuza nilimwomba msamaha."

Bi Mize akaitazama mikono ya Warsame. Mumewe alipofariki, ni yeye mwenyewe aliyekunja kanzu na kofia ya marehemu akampa aliyemwosha. Hakuulizwa, hakusita. Ndiyo ada ya kwao, mwoshaji ndiye wa kwanza kupewa.

"Na wewe ulipewa nini?"

"Sikupewa. Nguo zake zilikuwa zimekwishatolewa, imebaki hii tu."

"Ungepewa, ungeifanya nini?"

Warsame akainamisha kichwa. "Ningeivaa Ijumaa. Kila nikiivaa ningemwombea."

Kirsten akauliza jambo.

"Anauliza tunasema nini," Warsame akamwambia mama. "Nimwambieje? Kwamba mkalimani naye anaitaka?"

"Mwambie," akasema Bi Mize. "Mwambie yote."

Akaambiwa. Kirsten akamtazama Warsame, akasema, "Sikujua kwamba ni wewe uliyemwosha."

Holger akafungua kabati, akaiweka kofia katika viganja vya mama. Bi Mize akaileta puani. Akaivuta harufu, akaivuta tena. Ilinuka dawa ya nondo. Mwanawe hakuwamo.

Akapapasa upande wa juu, akayajua matundu yake. Akapapasa pembeni, akakuta tundu moja kubwa kupita yote. Dirisha. Akatabasamu, machozi yakamshuka.

Akitaka kuifunga katika upindo wa kanga yake, anaiona ahadi ya Kirsten. Akitaka kuirudisha katika kioo, anaiona mikono ya Warsame ikimgeuza mwanawe kwa upole. Akitaka kumpa Warsame, anajiona yuko Pemba, mikono mitupu.

"Mama," akasema Warsame kwa sauti ndogo, "ndege haitungoji."

Hapo ndipo nilipoiacha hadithi, na ndipo iliponiacha. Nimeswali nikauliza, sijajibiwa. Yuko mama, aliyeianza. Yuko Kirsten, aliyeimaliza na kuahidi. Yuko Warsame, aliyeosha na asipewe kitu. Na kofia ni moja, iko viganjani, wote wanaitazama.

Je, nani aliistahili?