Mfereji Ulioanzia Chini

Mtu mmoja alikuwa na shamba chini ya mlima, urithi wa baba yake, nalo lilikuwa linakufa. Mvua ilikuwa imekata misimu miwili. Mtu huyo aliitwa Kanaeli. Yeye na mkewe Nakijwa walikuwa wamekwisha kusema, kwa sauti ya chini, kwamba wakikosa chakula na msimu huu watahama, wayaache makaburi ya wazazi wao bila mtu wa kuyapalilia.

Juu msituni kulikuwa na chemchemi isiyokauka, na chemchemi ile ilikuwa na mwenyewe, mzee aliyeishi huko juu. Desturi ya mlima ilijulikana hata na watoto: huyagusi maji kabla hujapanda kumsalimu mwenye maji. Kanaeli aliijua. Lakini aliona haya kwenda mikono mitupu. Alitaka achimbe kwanza, amalize, ndipo ampandie yule mzee akiwa mtu mwenye kazi ya kuonyesha. Basi akaanzia shambani kwake, akachimba kuelekea juu. Kila asubuhi alisali jembe likiwa begani, akimwomba Mungu aibariki njia ambayo alikuwa amekwisha kuichagua mwenyewe.

Mlima hudanganya macho. Panapoonekana pameteremka, pamepanda. Alipofika kwenye kijito kitokacho kwenye ile chemchemi, alikuta mdomo wa mfereji uko juu ya maji kwa kimo cha mtu mzima. Maji yalipita zake chini, hayakuwa na habari naye. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbuzi wakaufanya mfereji ule njia yao, na watu wakauita Barabara ya Kanaeli. Akajifungia ndani. Hata kanisani hakuonekana. Alisema moyoni kwamba Mungu amekwisha kumjibu.

Nakijwa hakumcheka wala hakumbembeleza. Alimwuliza tu kama mwenye maji alikwisha kuombwa. Kesho yake Kanaeli akapanda mlima, miguu mizito, hana cha kupeleka ila aibu yake na jembe.

Mwenye chemchemi alikuwa ameuona mfereji tangu siku ya kwanza, kwa maana toka kule juu huonekana kila kitu. Hakuutaja. Alilichukua jembe mikononi mwa Kanaeli, akakata ukingo wa chemchemi kwa pigo moja, kisha akamrudishia.

"Mwanangu, yaache maji yatangulie," akasema. "Wewe fuata, uyafungulie yanapotaka kupita."

Ndugu zangu, mwili hunisisimka kila ninapolisimulia hili. Maji yalishuka. Yalizunguka mwamba ambao Kanaeli angepigana nao mwezi mzima. Yaliutafuta mteremko ambao jicho halikuuona. Yaliposimama, naye alisimama. Alipochimba kidogo, yakaenda. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kiasi kile, wala hakuwahi kujisikia amebebwa kiasi kile. Kisha, karibu na shamba, yakaugeukia ule mfereji uliochekwa, yakaingia. Mbuzi wakaruka kando. Kazi yote aliyoililia ikajaa maji mpaka ukingoni.

Nakijwa alikuwa katikati ya mahindi yaliyosinyaa maji yalipomfika miguuni. Alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Kanaeli alipiga magoti topeni. Hofu ilimshika, ile hofu ya mtu aliyetendewa jambo asilostahili.

Nawe uliyejifungia ndani kwa sababu kazi yako ilishindwa, yupo aliyeuona mfereji wako mkavu tangu siku ya kwanza, wala hajakucheka. Unangoja umalize nini ndipo umpandie?