Madoa kwenye Mashuka ya Wageni

Waliosema kwamba kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakimsema chawa peke yake, ingawa chawa naye ana haki yake ya kutajwa. Walituonya kwamba adui wa mbali utamwona akija, nawe utafunga mlango. Anayekumaliza ni yule uliyemfungulia mwenyewe, ukamvutia kiti, ukamuuliza chai yake iwe na sukari kiasi gani. Asiyeamini na amsikilize dobi huyu.

Alikuwa mwanamke mwembamba kama kamba ya kuanikia, lakini mikono yake ilikamua shuka mpaka shuka likaomba msamaha. Alifua mashuka meupe ya nyumba moja ya wageni, na kazi hiyo ndiyo iliyolipa kodi na kuweka sufuria jikoni. Alisaidiana na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mjane aliyekuja kukaa nao alipofiwa. Walipendana kama paka na panya waliofungiwa stoo moja, yaani kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi.

"Wifi, unalisugua hilo shuka au unalibembeleza lilale?" dobi aliuliza.

"Nalibembeleza, wifi. Limeshatukanwa na wewe asubuhi nzima."

Na kazi ilikwenda.

Mume wa dobi aliuza misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini siku za mapumziko aligeuka fundi wa mambo ambayo hakuna aliyemtuma. Majirani walimwita Injinia, wengine kwa heshima, wengine ili wapate kucheka. Alitengeneza kwa mikono yake bodi za saketi, vile vibao vyenye njia za umeme vinavyokaa ndani ya redio. Alichukua kibao kilichopakwa shaba, akachora njia zake kwa wino mzito, kisha akakilaza katika dawa ya rangi ya hudhurungi.

"Dawa hii ina uaminifu," alimwambia mkewe. "Inakula shaba iliyo wazi tu. Palipo na wino haipagusi."

"Basi imekushinda wewe. Wewe unakula hata palipofunikwa."

Injinia alicheka kuliko mkewe. Alikuwa mpole kama maji mtungini. Hanywi, hapigi, hachelewi kurudi. Tena bodi aliyokuwa akiihangaikia ilikuwa ya mkewe: kengele ya kulia tangi la maji likijaa, ili dobi asipande tena ngazi kuchungulia. Mke amtilie shaka mume kama huyo kwa lipi?

Siku moja msimamizi wa nyumba ya wageni alirudisha shuka lenye vidoa kama kutu.

"Mgeni ameniuliza kama shuka letu linaumwa," alisema.

Dobi alilisugua kwa ndimu na chumvi, akaliloweka, akalianika juani. Madoa yalimtazama tu. Baada ya hapo yalirudi mashuka mengine, na msimamizi akaacha utani. Akisikia tena habari ya madoa, alisema, atatafuta mikono mingine.

Dobi akabadilisha sabuni. Akachuja maji. Mwisho, kama ilivyo desturi ya wanadamu, akamgeukia mtu.

"Unaanika kwenye waya wenye kutu makusudi," alimwambia wifi yake, "ili kazi hii inishinde."

"Waya tuliuondoa zamani. Tunaanika kwenye kamba, na kamba uliifunga wewe."

"Basi mikono yako ina nuksi."

Wifi alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa amekaa kizingitini akitoboa matundu kwenye kibao. "Sema neno, mdogo wangu. Unanijua."

Injinia alipuliza vumbi kwenye tundu, akalichungulia. "Nyinyi wanawake mnajuana wenyewe," alisema.

Wifi alifunga virago vyake, akaenda kupanga chumba mtaa wa pili. Madoa hayakwenda naye. Yalibaki, yakanawiri, mpaka msimamizi akamwita dobi na kumwambia kazi imekwisha.

Dobi alirudi mikono mitupu, mapema kuliko kawaida. Uani alimkuta Injinia amechuchumaa, anatikisa beseni taratibu kama mama anayebembeleza mtoto. Lilikuwa beseni lake la plastiki, lile la kusuuzia mashuka kwa mara ya mwisho, na ndani yake kibao kilielea katika dawa ya hudhurungi.

"Kengele yako hii," Injinia alisema. "Imebaki kidogo."

Dobi aliitazama rangi ile ya kutu. Alitwaa foronya nyeupe, akaichovya ncha katika dawa, akaisuuza mara tatu kwa maji safi, akaipitishia pasi ya moto. Doa lilijitokeza palepale, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Ulijua?"

"Dawa hii haitaki chombo cha chuma, na beseni lako ni pana. Nililisuuza kila mara, ila lina mikwaruzo, inajificha humo." Alikigeuza kibao upande wa pili. "Shuka la kwanza liliporudi nililitambua doa. Nina mashati mawili yenye doa hilo."

"Na dada yako alipokuomba neno?"

"Nilikuwa nimebakiza bodi moja. Nikimaliza nitanunua beseni langu, madoa yatakoma yenyewe, dada atarudi, na hakuna atakayeumia."

Alisema kwa upole uleule wa siku zote.

Dobi alimfuata wifi yake mtaa wa pili. Uani kwake palijaa mashuka meupe, na pembeni mwa kila shuka palikuwa na alama ya nyumba ya wageni.

"Msimamizi alinitafuta," wifi alisema, bila kuacha kukamua. "Alisema nimeondoka na madoa yamebaki, kwa hiyo si mimi. Hakuhitaji kusoma sana. Vuta kiti."

"Ni dawa ya mdogo wako. Aliitia katika beseni langu la kusuuzia. Nisamehe, wifi."

"Wewe nilikutarajia. Wifi asiponisingizia, nani atajisumbua?" Karibu acheke. Kisha mikono ikasimama. "Yeye alijua?"

Dobi aliyatazama mashuka. Hayakuwa na doa hata moja.

"Nimekuuliza, wifi. Siku ile nilipomwambia aseme neno, alijua?"

"Alijua tangu shuka la kwanza."

Wifi alikaa kwenye kiti alichomkaribishia mgeni. Shuka aliloliacha nusu lilimwagia maji miguuni, naye hakuisogeza.

"Mama alikuwa mgonjwa," alisema. "Mtoto yule nimemlea mimi. Nilimfunga mgongoni kwa nguo yangu, nikafua naye, nikapika naye, mpaka akajifunza kutembea."

Mawifi hao walimtafuta adui kwenye waya, kwenye sabuni na kila mmoja kwa mwenzake, kumbe mmoja alimbeba mgongoni na mwingine akampokea awe mumewe. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.