Sauti Iliyohesabiwa Kelele

Wapendwa, mwenye nafasi ampishe mwenzake, kaeni vizuri. Habari hii nataka muisikie mkiwa mmetulia.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa kwaya katika usharika wa milimani, kule mashamba ya chai yanakofika hadi kwenye ukuta wa kanisa. Jina lake Atuganile. Mumewe, Asajile, alikuwa mtunzi, na nyimbo zake alizirekodi nyumbani kwenye kompyuta iliyokaa mezani karibu na dirisha. Wimbo wa mwisho aliurekodi akiwa mgonjwa, peke yake. Kabla kwaya haijaujifunza, Bwana akamwita.

Mjane akabaki na sauti. Jioni, akishafungia kuku, aliwasha kompyuta akamsikiliza mumewe katika nyimbo zake za zamani; ule wa mwisho hakuwa na moyo wa kuugusa. Mmewahi kumkosa mtu hivyo? Unaisikia sauti yake, unageuka, na kiti chake hakina mtu.

Mwanzoni ilimtosha. Lakini hamu haina shibe. Akaanza kuona Asajile yuko mbali: mvua inagonga bati nyuma yake, kompyuta inavuma. Akasema moyoni, "Laiti ningempata karibu kidogo tu." Akatafuta mtandaoni, akapata programu ya kusafisha sauti. Programu ikamwomba aifungulie mfumo endeshi. Kwa wasioujua, ule ndio moyo wa kompyuta. Ndio unaoiamsha, ndio unaoisemesha, vingine vyote vinakuja juu yake. Atuganile akabonyeza "Ndiyo". Mvua ikanyamaza, sauti ikang'aa.

Akaongeza nyingine ya kunenepesha besi, na nyingine ya kukuza sauti. Kila moja ilibisha hodi kwenye moyo ule ule, na kila moja aliifungulia. Nani angemfungia mlango anayeahidi kumrudishia mpenzi wake?

Lakini kadiri sauti ilivyong'aa, ndivyo ilivyofanana na ya mtu anayemwiga Asajile. Tena, alipothubutu sasa kuufungua ule wimbo wa mwisho, ulikatika katikati ya ubeti wa tatu, na baada ya hapo ni kimya kitupu. Atuganile alijua kwa nini. Nguvu zilimwishia mumewe. Hapo ndipo mjane alipokuwa akilia, kila mara.

Basi zile programu zikaanza kugombana. Kompyuta ikawa nzito. Akaamua kuiondoa moja tu, ile ya kwanza, na kompyuta ikazimika isiamke tena. Na sikukuu ya kwaya ilikuwa inakaribia, na wimbo ule ulikuwa uimbwe!

Akaifunga mashine kwa kitenge, akashuka nayo mjini kwa fundi Gwakisa, aliyekuwa akiimba besi pamoja na marehemu. Gwakisa akaifungua, akaipekua, akakuna kichwa.

"Shemeji, wageni umewakaribisha mpaka chumbani."

"Una maana gani, shemeji?"

"Marehemu vitu vya mfumo aliviweka mahali pake, na vya kuletwa mahali pake. Cha kuletwa akikichoka anakitoa, mashine wala haina habari. Sasa hapa vimechanganyika, sijui kipi cha mwenyeji na kipi cha mgeni. Hii uliyoitoa ilikuwa imemwinua mwenyeji ikakaa kwenye kiti chake. Ilipoondoka, ikaondoka na kiti."

"Na wimbo?"

"Wimbo upo, nimeuhamishia kwenye flashi. Ila mfumo lazima niufute wote, niuweke upya, mtupu."

"Na zile za kusafisha sauti?"

"Zitaondoka."

Atuganile akaishika meza kwa mikono miwili. "Basi unaniondolea na yeye. Bila zile simsikii, Gwakisa. Zile ndizo zilizomleta karibu."

Fundi akaweka bisibisi chini. Naye alimpenda Asajile. Kisha akasema polepole, "Ukizitaka nitazirudisha, lakini zikae barazani, siyo ndani. Leo niruhusu, shemeji."

Zile "Ndiyo" nyingine zote zilikuwa rahisi. Hii ilimtoka kama jino.

Mashine ikaamka nyepesi, kama siku iliponunuliwa. Gwakisa akaufungua wimbo. Mvua ikarudi juu ya bati, mvumo ukarudi, hata jogoo akawika. Atuganile akanyoosha mkono auzime, sauti ikamwahi. Asajile akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, akafika katikati ya wa tatu, akaacha.

Na pale palipokuwa kimya siku zote, hapakuwa kimya.

Palikuwa na pumzi ya mgonjwa. Kisha mnong'ono: "Atu, hapa mimi sifiki. Nimekuachia wewe. Imba, nakusikiliza." Halafu kidole kikigonga meza taratibu, kikimhesabia mapigo mpaka mwisho wa wimbo.

Wapendwa, mnaelewa kilichotokea? Mnong'ono ule ulikuwemo tangu siku ya kwanza. Ni ile programu ya kusafisha iliyouhesabu kuwa kelele, ikaufuta kila jioni mbele ya mwanamke aliyekuwa akiulilia!

Atuganile akasema, "Rudia." Gwakisa akarudia. Kilipofika kile kidole, mama akaimba, palepale dukani katikati ya nyaya na betri, sauti ikimkatika, mpaka mwisho.

Sisi je?

Asitoke mtu hapa akisema mchungaji amekataza programu. Vya kuletwa vina kazi yake, na vina mahali pake. Shida yetu ni kiti. Tulimtamani Mungu, tukaona yuko mbali, tukaongeza. Mafuta ya mtumishi fulani, tukayapa ruhusa. Chumvi ya upako, tukaipa ruhusa. Mhubiri wa kwenye simu, mtindo wa kuomba kwa kelele, tukasema ndiyo, ndiyo, ingieni mpaka ndani. Leo mtumishi yule akianguka, mbona na imani yetu inaanguka? Nani alimruhusu kukaa pale?

Na maombi yetu tumeyasafisha mno. Machozi tumeyaondoa, mashaka tumeyaondoa, kigugumizi cha mtoto anayemwita baba yake tumekiondoa. Tunasema Mungu hanijibu. Ndugu yangu, una hakika? Au alikujibu kwa sauti ndogo, nasi tukaihesabu kelele?

Najua wapo humu wanaoikumbuka imani yao ya kwanza na kuitamani. Mimi sina cha kuwaongezea leo. Mpiga kinanda, mwanangu, pumzika. Zimeni na hiki kipaza sauti changu. Tufumbe macho, kila mmoja aombe lile ombi dogo alilofundishwa na mama yake, kisha anyamaze.

Anyamaze asikilize.