Mpungate wa Koikai

Sifa za mche usimuulize muuza miche. Mmeisikia kwa mjomba wenu mkaicheka, simu mkononi. Methali hii ilianzia kwenye boma la mama yangu, Nalepo, na kila nikiitaja damu inanichemka. Nyamazeni, mimi kokoo, bibi yenu, niwaeleze.

Sisi wafugaji tuna desturi yetu. Mbuzi akinunuliwa kutoka mbali, hachanganywi na wenzake hivi hivi. Anafungwa nje ya zizi, mtu anatumwa kule alikotoka. Akifika huko hamwulizi mwenye mbuzi, anawauliza majirani. Je, huyu anatupa mimba? Ana upele? Jirani hana anachouza, kwa hiyo husema kweli.

Basi akaja mtu anaitwa Koikai, punda wake kabeba vipande vya mpungate, ule mmea wa miiba, anaviuza. Akasema mkiupanda kuzunguka boma, fisi hapiti, na wakati wa kiangazi mbuzi watakula matunda. Wazee wakamwuliza, "Una madhara?" Akajibu, "Hauna hata kidogo." Wakaridhika! Mtu wa kutumwa hakutumwa. Eti ni mmea tu, si mbuzi.

Ua likastawi kweli. Halafu ndege na nyani wakala matunda, wakatapanya mbegu, na mpungate ukaingia malishoni. Mbuzi nao wakala. Matunda yale yana vijimiiba vidogo kama nywele. Viliwachoma midomo na ndimi, vidonda vikaoza, wakashindwa kula. Mama alikuwa mjane, na maziwa ya mbuzi wale ndiyo yaliyotulea. Alikuwa akiwafungua vinywa mmoja mmoja, akilia.

Wazee wakamwita tena Koikai. "Ukateni kwa panga," akasema, "utakufa."

"Mnamwuliza huyo huyo?" mama akashangaa. Hawakumjali. Akajifunga shuka, akaenda kwa miguu mpaka kule mpungate ulikotoka, akawauliza watu wanaoishi nao.

Aliporudi alikuta panga zinafanya kazi malishoni, vipande vimetupwa kila upande, na watu wanaimba.

"Acheni!" akapiga kelele. "Kila kipande kikigusa udongo kinaota! Wenzenu walikata hivyo hivyo, leo hawana pa kulishia. Unang'olewa na mizizi yake, vipande vyote vinaokotwa, vinafukiwa kwenye shimo refu!"

Mzee Parmuat, aliyekuwa mkubwa wao, akajibu, "Nalepo, tumeshauliza. Koikai ametueleza."

"Koikai! Mkinunua beberu mmoja mnatuma mtu kwa majirani. Huu unaomaliza malisho yetu mmemwuliza nani? Sifa za mche mnamwuliza muuza miche?"

Parmuat akaweka panga lake chini. Lakini panga zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake, na mvua iliponyesha vipande vikaota kila mahali. Mama hakubaki na mbuzi hata mmoja. Tulihamia kwa watu, tukachunga mifugo isiyo yetu. Watu wakalishika neno lake, wakalifanya methali, wanalisema mpaka leo kwa madaha. Lakini pole hakupewa mpaka tunamzika. Nina hasira, ndiyo. Mlitaka nicheke?

Haya, wewe Resiato. Jana ulinionyesha kwenye simu nyasi za kigeni, eti ng'ombe akizila ananenepa upesi. Anayezisifu ni nani?

"Mwenye duka la mbegu, kokoo."

"Na waliozipanda kabla yako wanasemaje?"

"Sijawauliza."

"Ebo! Na umeshaagiza?"

"Zinafika kesho."

Zikifika, zitakaa nje ya boma, ndani ya gunia, limefungwa. Wewe utaondoka na fimbo yako ukawatafute walioishi nazo, na bwana mifugo asiye na mbegu ya kuuza. Ukirudi na majibu yao tutazungumza. Usije kuniambia alivyosema mwenye duka. Sifa za mche usimuulize muuza miche.