Breki za Tela la Ngailo

Tulinagwe alikuwa dereva wa lori mjini Makambako, mwanamke mpole asiyependa kugombana. Asubuhi moja tajiri wake, Ngailo, alimwamuru avute tela la mbao hadi Morogoro.

"Tajiri, breki za tela hazishiki," Tulinagwe alisema. "Sheria inakataza, na mteremko wa Kitonga hauna msamaha."

"Breki ni nzima kabisa! Kama huendi, shuka. Madereva wamejaa stendi."

"Basi naenda. Afadhali umenihakikishia, maana nina abiria. Mama yako anakwenda Morogoro kumwona mjukuu. Ananisubiri njia panda."

Ngailo alishtuka, akashika mlango wa lori.

"Mama yangu? Kwenye lori hili?"

"Si umesema breki ni nzima, tajiri?"

"Zima injini! Mwiteni fundi, haraka!"

Fundi alihangaika chini ya tela hadi adhuhuri. Ngailo alizijaribu breki mwenyewe, akaridhika, kisha akampa Tulinagwe mfuko wa karanga.

"Mpe mama. Mwambie safari njema."

Njia panda hapakuwa na mtu, na Tulinagwe hakupunguza hata mwendo. Mama yake Ngailo alikuwa shambani kwake Makete, akipalilia viazi, wala hakujua kwamba kuna safari.