Mashine Tatu na Uso wa Mama Hoza

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, umeme ulipokwisha kufika milimani, aliishi katika mji mdogo wa Soni mzee mmoja jina lake Shemdoe. Mkewe, Mama Hoza, alikuwa amefariki. Mama huyo hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea kamera, anageuka. Alibaki kwenye mkanda mmoja tu wa video, wa harusi ya jirani, tena kwa mbali, kwenye giza la mlango wa jiko.

Shemdoe akaifanya sebule yake sinema. Akatundika pazia jeupe ukuta mzima, akafunga projekta darini. Kila alasiri, ukungu ukishashuka, anakaa kuutazama ule mlango. Haoni kitu ila giza na chenga za picha mbovu. Na uso wa mkewe ulikuwa umeanza kumtoka akilini. Hilo ndilo lililomtisha.

Akawaita wanawe watatu.

"Mafundi wanasema ziko mashine za kusafisha picha, zinafungwa kati ya deki ya video na projekta. Ziko za kila namna, mimi sijui kuchagua. Nileteeni. Atakayenionyesha uso wa mama yenu, nyumba hii ni yake."

Hoza, mwanawe wa kwanza, akaleta mashine ya kung'arisha giza. Akaifunga, picha ikaanza. Giza la mlangoni likapauka, likapauka, mtu akatokea amesimama.

"Ndiye," akasema mzee. "Lakini uso siuoni."

Mbonea, binti wa kati, akaleta mashine ya kuondoa chenga. Akaiunganisha na ile ya kaka yake, picha ikaanza. Chenga zikatulia, zikatulia, yakaonekana maua ya kanga, likaonekana sikio na hereni yake.

"Ndiye. Lakini ametupa kisogo. Uso siuoni."

Singano, kitinda mimba, akaleta mashine ya kulainisha mwendo, ile inayobuni vijipicha vya kujazia mapengo. Akaiweka mezani, akashughulika na waya, picha ikaanza.

Mama Hoza akageuka.

Aligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia akiitwa. Hakuwaangalia maharusi, wala kamera. Alimwangalia Shemdoe pale kitini. Mzee akajisogeza pembeni, macho yakamfuata.

"Mama Hoza," akaita.

Yule mama akafumbua midomo, kama anayetaka kuitika. Mkanda ukaisha.

Singano akaenda kuzima mashine yake, akaganda.

"Baba, hii haikuwa imeunganishwa. Waya wake huu hapa sakafuni."

Wakaurudisha mkanda mwanzo. Maharusi wapo, ngoma zipo, mlango wa jiko upo. Mlangoni hakuna mtu. Wakazima mashine zote, wakaziwasha tena, wakabadilisha waya. Mlango mtupu.

"Nyumba ni yangu," akasema Hoza. "Bila mimi angekuwa gizani mpaka leo."

"Wewe ulileta kivuli," akajibu Mbonea. "Kilichokifanya kivuli kiwe mama ni mashine yangu, na ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi alipogeuka."

"Mashine zenu ziliwaka, akageuka?" akauliza Singano. "Aligeuka siku niliyokuja mimi. Tena ningekuwa mwongo, ningenyamaza kuhusu waya."

Shemdoe alikuwa bado ameukazia macho ule mlango. Uso aliuona, hakuna tena wa kumsahaulisha. Lakini mkanda aliokuwa akiutazama kila alasiri, sasa mkewe hayumo.

"Sikilizeni," akasema. "Aliyemgeuza mama yenu ndiye aliyemtoa pale mlangoni. Anayedai nyumba aichukue pamoja na hilo. Bado mnaitaka?"

Wakatazamana. Kisha wote watatu, kwa sauti moja, wakasema, "Naitaka."

Nanyi mliokaa hapa kunisikiliza, semeni: kama nyumba ingekuwa yenu, mngempa nani?